Tangi Lisilale Limejaa

Kilifi, 14 Januari 2019

Kwa Abuya Sora,

Salaam aleikum. Natumai barua hii inakukuta na amani, wewe na Mama Galma, na mbuzi, na lile lori ambalo kila mwaka unasema utaliuza. Mimi mzima. Huku joto ni jingi, na feni ya chumba changu inazunguka ikitaka. Mama alinipigia kutoka Korbesa akasema mvua ilinyesha siku mbili ikaondoka, na kwamba wewe ulipita huko ukamwachia sukari lakini hukukaa hata kunywa chai. Anasema ndugu yake, abuya wangu, amekuwa mgeni.

Najua nilipaswa kuandika mapema. Tangu tuachane makaburini mwezi wa nane sijashika kalamu. Ningekutumia ujumbe kwa simu, lakini masikio yako yamekataa simu, na ujumbe wewe unasema ni kama kumrushia mtu jiwe na kukimbia. Basi karatasi.

Jambo lenyewe ni hili. Bosi wangu, Mureithi, anataka kununua boti nyingine badala ya ile iliyopinduka na Galma ndani. Hii itakuwa kubwa, futi hamsini na mbili, ya kupeleka wageni mbali kwenye maji marefu kuvua nduaro na jodari. Wanavua kwa mchezo tu. Mgeni anavutana na samaki saa mbili, anapiga picha naye, halafu anamwachia aende. Nimekaa huku miaka sita na sijaelewa.

Mureithi anajua hoteli, injini hajui. Aliniita akaniambia: "Sabdio, fundi ni wewe, na safari hii utakuwa ndani ya boti, si karakana. Niandikie ukurasa mmoja tu. Tununue gani, na isukumwe na nini." Maana yake ni kwamba nitakaa pale alipokuwa akikaa Galma. Nilimwambia sawa. Nilidhani nitaogopa lakini sikuogopa. Ninasoma vitabu vya hizo boti kama mtu anayesoma bei ya kabeji.

Ziko tatu. Ya kwanza iko Afrika Kusini, ina injini mbili za dizeli ndani, chini ya sakafu, na shafti mbili zilizonyooka mpaka kwenye propela. Ni mtindo wa zamani na ni nzito. Ya pili iko Dubai, ina dizeli mbili pia, lakini badala ya shafti ina miguu miwili chini ya boti inayozunguka upande wowote, na nahodha anaiongoza kwa kijiti kidogo kama cha mchezo wa kompyuta. Inakula mafuta kidogo na inakwenda kasi. Ya tatu ni mpya, ina injini nne za petroli zimepachikwa nyuma, nje. Kila muuzaji anaapa yake ndiyo bora.

Wewe ndiye uliyenifundisha injini. Ungechukua ipi?

Nguo za Galma nilizifua. Ziko kwenye begi la bluu. Sijui nizitume au nije nazo.

Wako,
Sabdio


Isiolo, 2 Februari 2019

Kwa Sabdio, binti ya dada yangu,

Aleikum salaam. Barua yako ilikaa Posta siku tisa. Karani anasema alinipigia simu kunijulisha. Alimpigia kiziwi, akangoja apokee.

Sisi tuko na amani ya kusema tu. Ukame umeanza, mbuzi wanatafuta karatasi sokoni. Mama Galma yuko. Bado anapika chakula cha watu watatu na mimi simwambii apunguze. Kinachobaki anampa Nakaale, mlinzi wa uwanja wetu wa malori, ambaye ameanza kunenepa. Kazi yenyewe hana tangu kaunti ituwekee mulika mwizi pale uwanjani, ile taa ndefu kama mnara. Inamulika mpaka kitandani kwangu. Nalala na kitambaa machoni.

Sasa, umeuliza habari ya boti kwa mtu ambaye maji mengi aliyowahi kuona ni Ewaso Nyiro ikifurika pale Merti. Lakini injini ni injini.

Ile ya nne za petroli, achana nayo. Petroli na jua na watu wenye sigara sitaki kusikia. Na samaki akizunguka nyuma, uzi si utakatwa na hizo injini? Mimi si mvuvi na hilo nimeliona nikiwa Isiolo.

Ile ya miguu inayozunguka ni nzuri kwa anayeishi karibu na kiwanda. Unamjua Ndungu wa spea. Mwaka jana alinunua pikapu ya kompyuta. Ilizima huko Kipsing, haina ubaya wowote, taa moja tu ya manjano. Fundi alitoka Nairobi na kompyuta nyingine kuja kuzungumza na ile. Kabla hajafika tulikuwa tumeshaivuta kwa kamba na lori langu la mwaka wa tisini. Ndungu hapendi hadithi hiyo, kwa hivyo naisimulia sana dukani kwake.

Chukua ya shafti. Lakini kabla ya kununua, shuka kule chini kwenye injini na uingize mkono. Kama mkono wako haufiki kwenye chujio, kwenye pampu na kwenye kila nati ya mpira wa dizeli, usinunue hata ukipewa bure.

Na kuliko yote, shika sheria ya uwanja wangu. Tangi lisilale limejaa. Jioni ukirudi acha dizeli ya kuwashia tu, ujaze asubuhi unapoondoka. Ukilaza tangi limejaa umewalisha wezi. Miaka thelathini na mbili nimeendesha lori la Merti na hakuna mtu aliyeninyonya lita ishirini. Galma nilimfundisha hivyo, na wewe ulikuwa hapo hapo umelala chini ya gari ukikataa kutoka.

Sasa nikuulize mimi. Zile injini za boti ya Galma zilizima kwa nini? Nilikuuliza makaburini ukaniambia tutazungumza. Miezi sita imepita. Kijana alijua injini. Injini mbili hazizimi pamoja bila sababu. Niambie tu sababu.

Abuya wako,
Sora


Kilifi, 16 Februari 2019
(Barua hii haikutumwa.)

Abuya,

Salaam aleikum. Salamu nitazimalizia mwisho.

Injini zilizima kwa sababu ya maji kwenye dizeli. Si maji ya bahari. Boti ilipovutwa ufukweni nilifungua kile kibakuli cha kioo chini ya chujio, ambacho hukusanya maji yasifike kwenye injini. Kilikuwa kimejaa mpaka juu. Nilitia kidole nikaonja. Yalikuwa matamu.

Yalitoka hewani. Hewa ya huku si ya Isiolo, ina maji ndani yake. Tangi likilala tupu linajaa hewa hiyo. Chuma kikipoa linatoa jasho kwa ndani, matone yanashuka kukaa chini ya dizeli. Ni kidogo sana kwa siku. Galma alifanya kazi kwenye boti ile miezi saba, na kila jioni aliporudi aliacha dizeli ya kuwashia tu. Mureithi alikuwa ameibiwa mafuta mara mbili kabla yake, kwa hivyo alimsifu. Alisema watu wa Isiolo wana akili.

Siku ile bahari ililitikisa tangi, maji yakapanda. Tangi lilikuwa moja kwa injini zote mbili. Zilizima zikipishana dakika moja. Galma alishuka chini kumwaga maji na kutoa hewa kwenye mipira, nati moja baada ya nyingine kama ulivyotufundisha. Nahodha alimsikia akisema, "Bado kidogo." Boti ilikuwa imelala ubavu kwa mawimbi. Waliokuwa juu walirushwa majini wakaokolewa. Yeye alikuwa chini.

Mimi nilimwona kila jioni akiliacha tangi tupu. Sikuona kosa, kwa maana nami nililelewa kwenye uwanja wako. Fundi yeyote wa hapa angemgombeza wiki ya kwanza, lakini fundi mkuu nilikuwa mimi. Wiki moja kabla alinionyesha maji kidogo kwenye kile kibakuli. Nikamwambia ni dizeli chafu ya kituo, amwage tu.

Nimesoma barua yako mara tatu. "Kuliko yote, shika sheria ya uwanja wangu." Nitakuambiaje?


Kilifi, 19 Februari 2019

Kwa Abuya Sora,

Salaam aleikum. Barua yako ilifika, nami nashukuru. Nilicheka kwa habari ya Ndungu, au nilijua kwamba hapo nicheke. Mpe Mama Galma salamu zangu nyingi. Mwambie feni imetengenezwa.

Injini nne za petroli tumeziacha, na sababu yako ya uzi ndiyo hiyo hiyo aliyoitoa nahodha. Alishangaa nilipomwambia imetoka Isiolo.

Sasa zimebaki mbili, na Mureithi ameipenda ile ya miguu inayozunguka. Alipelekwa kujaribu moja ya aina hiyo akaiegesha kwenye gati kwa vidole viwili, akarudi anatabasamu. Ni kweli inasukuma vizuri kuliko shafti, hilo sitakudanganya. Propela zake zinatazama mbele, zinavuta boti badala ya kuisukuma, na tumboni kunabaki nafasi ya vyumba vya wageni. Lakini kaskazini yetu mto Sabaki ukifurika unaleta magogo baharini. Gogo likigonga propela ya shafti, shafti inapinda, unarudi polepole na injini iliyobaki, na propela nyingine inapatikana Mombasa. Likigonga mguu, mguu umekwenda, na mwingine utangojwa kutoka ng'ambo miezi mitatu.

Nahodha naye anataka shafti. Anasema nduaro akikimbia lazima boti imfuate kinyumenyume kwa nguvu, na propela kubwa za shafti zinauma maji vizuri zaidi. Pia anasema injini nzito zikikaa chini katikati, boti haichezi ovyo kwenye mawimbi. Aliposema hivyo alinitazama, halafu akatazama pembeni.

Umeuliza kuhusu siku ile. Bahari ilikuwa mbaya sana, Abuya. Ndivyo ilivyokuwa.

Wako,
Sabdio


Isiolo, 20 Machi 2019

Kwa Sabdio,

Aleikum salaam. Nimechelewa kwa sababu nilipeleka unga Merti na kurudi na mbuzi wa watu. Njia ni vumbi tupu, springi ya nyuma ilikatika, tukalala barabarani siku mbili. Mama yako nilimwona. Safari hii nilikunywa chai, umwambie asinisengenye tena. Mama Galma anakusalimu. Ameuliza kama zile nguo zilifuliwa kwa sabuni au kwa maji tu. Nimemwambia sijui.

Nimefurahi kwa habari ya shafti. Huyo nahodha ana akili, ingawa sijamsamehe kuwa hai.

Sasa nisikilize. Bahari haizimi injini. Nimekaa na injini kuliko ulivyokaa duniani. Bahari inaweza kupindua boti iliyozima, lakini kwanza izime. Wewe umeniandikia kurasa mbili za shafti na magogo, na siku ile umeipa mstari mmoja. Mimi nimekuwa kiziwi, sijawa mjinga.

Nitakuambia ninachofikiri. Yule Mureithi alimpa mwanangu injini mbovu. Alijua ni mbovu akanyamaza, na sasa anakupa wewe mshahara na wewe unanyamaza. Alipokuja hapa kutupa pole alininyooshea mkono mbele ya watu wote, nikauacha pale hewani. Watu walisema nimekosa adabu. Sikujali. Pale stendi kila dereva anajua sasa kwamba mtu huyo aliua mtoto wa Sora kwa injini ya mitumba. Nimewaambia mmoja mmoja, na wale wa Marsabit nimewaambia pia.

Kama nimekosea, niambie. Kama sijakosea, rudi nyumbani, kazi ya kutengeneza malori iko.

Na huo ukurasa unaomwandikia, ninakilie wote, mstari kwa mstari. Nataka kuuona mimi kabla hujaketi juu ya injini ya mtu huyo.

Abuya wako,
Sora


Kilifi, 12 Aprili 2019

Kwa Abuya Sora,

Salaam aleikum. Natumai mvua imefika huko, maana redio ilisema Isiolo kuna mawingu. Mwambie Mama Galma nguo nilizifua kwa sabuni, ila ile shati ya kijivu sikuigusa. Nilifikiri atauliza.

Mureithi amekubali shafti. Alininunia siku nne kwa sababu ya kile kijiti chake, halafu akasema kama ni mimi nitakayekwenda nayo basi iwe ninavyotaka. Nilipanda ndege mpaka Afrika Kusini, mara ya kwanza maishani, nikashuka chini ya sakafu ya boti hiyo nikaingiza mkono kila mahali ulipotaja. Unafika. Muuzaji alisimama na suti yake juu yangu, anauliza kama natafuta kitu kilichopotea.

Nakunakilia ukurasa kama ulivyoagiza:

Moja, inunuliwe ile ya dizeli mbili na shafti mbili. Mbili, propela za akiba jozi moja na shafti moja zikae Kilifi. Tatu, tangi lililopo ligawanywe, kila injini iwe na lake, na pasiwe na mpira unaoziunganisha baharini. Nne, kila injini iwe na machujio mawili ya kutenganisha maji, ili moja likijaa fundi afungulie la pili bila kuzima. Tano, vibakuli vyote vya kioo vikaguliwe na kumwagwa kila asubuhi mbele ya nahodha. Sita, matangi yajazwe mpaka juu kila jioni boti inaporudi, yasingojwe asubuhi, na alindaye mafuta awe mlinzi. Saba, asishuke mtu chini kwenye injini boti ikiwa imelala ubavu kwa mawimbi, hata kama amebakisha kidogo.

Ni hayo tu. Mureithi ameutia sahihi.

Abuya, injini za ile boti zilikuwa nzuri. Nilizifanyia huduma mwenyewe. Mureithi hakumpa Galma injini mbovu, wala mimi sinyamazi kwa ajili ya mshahara. Nakuomba usiwaambie watu hivyo. Na nakuomba usiniulize tena.

Wako,
Sabdio


Kilifi, 6 Juni 2019

Kwa Abuya Sora,

Salaam aleikum na Idi njema. Hii ni Idi ya kwanza bila yeye. Nilikwenda kuswali, nikarudi, nikala biriani ya jirani, nikalala mchana. Sikulia. Nilikuwa nimejiandaa kulia, hata leso nilikuwa nayo.

Tangu barua ya Aprili hujanijibu, na leo ni karibu miezi miwili. Nilimpigia Mama Galma. Alisema u mzima, unakula, lakini umeacha kwenda Merti, na ukitoka msikitini unakwenda uwanjani kukaa kwenye kiti karibu na lori. Nikamuuliza, "Anasema nini?" Akasema, "Hasemi. Barua yako iko mfukoni, karatasi imechanika kwa kukunjwa."

Boti imeshushwa Mombasa wiki iliyopita na kesho kutwa tutaileta Kilifi. Ni nyeupe, ina mnara juu na kiti kikubwa nyuma cha mgeni anayevutana na samaki. Watu wanaipiga picha. Mimi naiona tu. Injini zinawaka vizuri na kibakuli hakina kitu.

Nilipokuwa nikinakili ule ukurasa ningeweza kuruka mstari wa sita. Nilikaa nao jioni nzima. Ningeandika mistari sita badala ya saba na usingejua. Sikuuruka, na sijui kama nilifanya hivyo kwa heshima au kwa uchovu.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine ndogo. Ni barua niliyokuandikia Februari sikuituma. Isome au ichome. Makosa yaliyo ndani yake ni yako na yangu pia, si yako peke yako. Nimechoka kuwa nayo, Abuya. Naogopa kwamba hutaniandikia tena.

Wako,
Sabdio


Isiolo, 30 Juni 2019

Kwa Sabdio, intala yangu, binti yangu,

Aleikum salaam. Sisi wazima. Mvua ilinyesha, ikachelewa, lakini ilinyesha, na mbuzi wameacha karatasi. Mama yako amekuja kutoka Korbesa, amekaa nasi siku kumi. Anasema nimekonda. Nakaale ndiye mnene.

Bahasha ndogo sikuifungua. Nimeiweka ndani ya Kurani ya Galma na itakaa hapo. Sihitaji mtoto anieleze kitu ambacho mimi ndiye niliyemfundisha.

Nilijua siku ile ile ya Aprili. Mstari wa sita niliusoma mara moja tu, nikiwa nimesimama mlangoni mwa Posta. Wewe si mtu wa kuandika neno bila kazi, na umeandika jioni, ukaandika yasingojwe asubuhi. Nilikwenda kwa Ndungu nikamuuliza kama hewa ya pwani ina maji. Aliishi Mombasa zamani. Alidhani naanza mzaha wa pikapu, akakunja uso. Halafu akaniona vizuri, akachukua karatasi ya risiti akaniandikia: "Mengi. Hata chumvi mezani inaloa." Hiyo karatasi ninayo.

Hapa kwetu ukiacha debe tupu mwaka mzima utakuta vumbi. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali debe tupu linajaa maji lenyewe.

Kwa hivyo ni mimi. Wewe usijitie ndani. Unasema yako na yangu. Yako hayapo. Ulikuwa mtoto wa uwanja wangu, ungejulia wapi?

Mama Galma nimemwambia. Nilimwambia baada ya chakula, kwa maneno machache, na yeye alikuwa akikunja mkeka. Alimaliza kuukunja. Kesho yake alipika chakula cha watu wawili.

Mwambie Mureithi kwamba madereva nimewarudia mmoja mmoja, nikawaambia injini zilikuwa nzuri. Wa Marsabit nimewaambia pia. Baadhi yao walitaka kujua basi ilikuwa nini, nikawaambia waulize mafundi wao. Na mwambie akipita Isiolo aje nyumbani. Ule mkono nitaupokea.

Shati ya kijivu ilete mwenyewe. Hizo nyingine wape watu.

Kuna jambo moja la mwisho, halafu nikuache uende kwenye boti yako.

Siku ya pili ya Idi nilipeleka lori kituoni nikalijaza dizeli mpaka mdomoni, mpaka ikanimwagikia mkononi. Sijawahi kufanya hivyo jioni tangu nipate leseni. Nikalirudisha uwanjani, nikaliegesha pale pale pa siku zote, kifuniko bila kufuli. Nakaale aliinama sikioni mwangu akapiga kelele: "Mzee! Hii dizeli wewe naachia nani?" Nikamwambia aende alale.

Nilitaka wezi waje, Sabdio. Nilitaka nikute tangi kavu hata asubuhi moja, nijue kwamba kile nilichomfundisha kilikuwa na maana hapa tulipo, na kosa langu ni kutojua bahari tu. Ningewashukuru.

Sijaliendesha tangu siku hiyo. Kila asubuhi baada ya swala nakwenda nafungua kifuniko, natia kijiti, nakitoa. Leo ni siku ya ishirini na tano. Nilimuuliza Nakaale lini mara ya mwisho mtu kunyonywa dizeli kwenye uwanja huu. Akanionyesha ile taa ya kaunti, akafungua vidole vinne. Miaka minne. Galma alikuja kwako mwaka jana, na sheria ambayo hata hapa haikuwa na kazi tena.

Kijiti kinatoka kimelowa mpaka juu. Hakuna aliyeligusa.

Abuya wako,
Sora